Ufagio uache hadi siku ya tano: jibu kwa msomaji aliyealikwa kula mwaka mpya China

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma uhandisi Jinan, jimbo la Shandong. Mwenzangu wa maabara amenialika kwao kijijini tule pamoja mwaka mpya wa jadi Februari 2027. Nimefurahi, ila nimesoma orodha za miiko mpaka nimeingiwa na hofu: usifagie, usioge, usikate nywele, usivae nyeupe, usitaje hiki wala kile. Ipi ni ya kweli? Nibebe zawadi gani? Halafu mimi ni Mwislamu. Na mwenzangu aliposikia nimezaliwa Mei 2003 alishtuka, akasema mama yake lazima aambiwe. Kwa nini?

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya miiko, ujue uzito wa mwaliko wenyewe. Chakula cha mkesha wa mwaka mpya, nianyefan, ni chakula cha ukoo. Vijana wanaofanya kazi miji ya mbali hukaa kwenye treni siku nzima ili wawahi meza hiyo. Kijadi hata binti wa nyumba akishaolewa hali kwao usiku huo, hula ukweni, na kwao hurudi siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo wakikuweka wewe mezani usiku ule, wamekuhesabu mtu wa ndani. Ukienda umejikunja kwa kuogopa kukosea, utawaumiza zaidi kuliko ungekosea kweli.

Mwaka mpya huo ni Jumamosi tarehe 6 Februari 2027, na mkesha wake ni Ijumaa tarehe 5. Wachina nao hufuata mwezi kama sisi, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa 13 ili sikukuu isiyaache majira yake. Ndiyo maana haitoki kati ya 21 Januari na 20 Februari, wakati Ramadhani inazunguka mwaka mzima. Nakueleza haya kwa sababu mwaka huo miezi miwili inakutana: Ramadhani inatarajiwa kuingia karibu tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo. Maana yake mkesha utakula nao, siku ya kwanza utakula nao, na siku ya tatu huenda ukaamka umefunga. Waambie mapema. Mama Mchina akiandaa chakula halafu mgeni asikiguse bila maelezo, atalala akijiuliza amekosea nini. Bahati nzuri, sehemu nyingine siku ya tatu ni siku ya utulivu. Huiita chikou, mdomo mwekundu, siku inayosemekana kuzaa magomvi, na wengi hawatembeleani.

Sasa miiko. Usiikariri kama orodha ya mtihani. Ina funguo mbili, na ukizishika utaweza kuibashiri mwenyewe.

Ufunguo wa kwanza ni sikio. Kichina sanifu kina silabi kama 400 tu ukiacha toni, kwa hiyo maneno mengi sana yanafanana kwa sauti. Sauti inayofanana na jambo baya huvuta baya, na inayofanana na jema huvuta jema. Samaki ni yu, na ziada pia ni yu. Kwa hiyo mkesha lazima kuwe na samaki mezani, na samaki huyo hamalizwi, hubakizwa ili riziki ya mwaka huu ivuke hadi mwaka ujao. Keki ya mchele wa kunata ni niangao, na maneno "mwaka" na "juu" nayo yanasikika nian na gao, yaani kila mwaka tupande. Utaona neno fu, baraka, limebandikwa mlangoni kichwa chini miguu juu. Hawakukosea. "Kupinduka" ni dao, na "kufika" ni dao. Mtoto akipita na kupaza sauti kwamba baraka imepinduka, ametangaza pia kwamba baraka imefika.

Ufunguo wa pili ni kwamba siku ya kwanza ni kielelezo cha mwaka mzima. Kilichotokea siku hiyo ndicho kitakachojirudia. Ukilia, utalia mwaka mzima. Ukidaiwa mlangoni, utadaiwa mwaka mzima. Ukishika jembe, sindano au kisu, mwaka wako utakuwa wa kazi ngumu, tena kisu na mkasi vina kosa la ziada la kukata bahati. Asubuhi ya siku hiyo wengi hawali uji, kwa kuwa uji ulikuwa chakula cha maskini.

Sasa tuje kwenye ufagio, ambao ningependa ukae nao kichwani kuliko mengine yote. Vumbi ni chen, na "kuukuu" pia ni chen. Siku za mwisho za mwaka nyumba nzima hupinduliwa, dari hupanguswa, mapazia hufuliwa. Kutoa vumbi ni kutoa ya kale. Saa sita ya usiku ikipita, mambo yanageuka. Kilichomo ndani sasa ni bahati mpya, na ukikifagia nje umeifukuza. Taka hukaa ndani, maganda ya karanga hukaa sakafuni. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana hapo. Bibi zetu walitukataza kufagia usiku tusije tukatoa riziki nje.

Hata hivyo mimi mwenyewe nilikosea. Mwaka wangu wa kwanza China nilialikwa kijijini mkoani Hebei, na asubuhi ya siku ya kwanza niliona sebule imejaa maganda ya alizeti na vipande vya karatasi nyekundu za fataki. Nimelelewa kwamba binti mgeni hakai akitazama uchafu wa mwenyeji wake. Nikachukua ufagio. Nilikuwa nimeshasukuma taka hadi kizingitini mama wa nyumba alipotokea, akanishika mkono kwa upole, akaugeuza ufagio, na tukafagia pamoja kuelekea ndani, hadi kona ya chumba, tukaacha pale. Hakunigombeza. Ila niliiona hofu iliyopita usoni mwake kwa nukta moja, na sikuwahi kuisahau. Methali yetu ya mgeni siku ya tatu mpe jembe, kule jembe linangoja siku ya tano. Siku hiyo, powu, "kuvunja tano", miiko mingi hufunguliwa, taka hutolewa na mlio wa fataki, watu hula jiaozi na kumkaribisha mungu wa mali. Ukitaka kusaidia kabla ya hapo, kaa jikoni ukunje jiaozi. Hakuna kazi itakayokupa mapenzi ya wanawake wa nyumba hiyo haraka kuliko ile.

Jiaozi ni kama sambusa ndogo za kuchemsha, zenye umbo la vipande vya fedha vya zamani. Huko Shandong ndizo roho ya mwaka mpya. Hukunjwa mkesha mzima mbele ya televisheni, ambako tangu 1983 kituo cha taifa hurusha onyesho refu la usiku huo, na huliwa saa mwaka unapogeuka. Katika baadhi ya nyumba, jiaozi moja hufichwa sarafu ndani yake, na atakayeipata ana bahati ya mwaka. Tafuna polepole. Sikiliza pia lugha ya jikoni. Jiaozi ikipasuka kwenye sufuria usiseme imepasuka. Watasema zheng le, neno ambalo kwa huko ni "imefumuka" na pia ni "tumechuma". Chakula kikiisha usiseme mei le, "hakuna tena". Sema gou le, "kimetosha". Maneno ya kifo, ugonjwa, kushindwa na "imekwisha" hayatamkwi, hata kwa utani. Na ukivunja kikombe, jambo linaloweza kumpata yeyote, usiombe radhi kwa mfululizo. Sema hapohapo suisui ping'an. Sui ni "kuvunjika vipande" na ni "mwaka", kwa hiyo umesema "amani mwaka hadi mwaka". Nyumba nzima itaitikia.

Kuhusu chakula chako: kitoweo cha kawaida cha jiaozi ni nyama ya nguruwe, na mafuta yake yanaweza kuwa hata kwenye mboga. Sema mapema na kwa wazi: wo chi qingzhen, ninakula halali. Neno qingzhen wanalielewa, maana Waislamu wa kabila la Hui wamekaa Shandong karne nyingi, na Jinan yenyewe ina msikiti mkongwe wa kusini ulioanzia enzi za Yuan, watawala wa Kimongolia. Uzuri ni kwamba nyumba nyingi za Shandong mlo wa kwanza wa mwaka hula jiaozi zisizo na nyama, za kabichi, tofu na tambi nyembamba, kwa sababu neno su la chakula kisicho na nyama linaashiria mwaka mtulivu usio na mikasa. Hizo uombe zichemshwe kwenye sufuria safi. Nenda pia na nyama yako ya ng'ombe kutoka duka la Hui mjini, uwape kama zawadi, mpike wote mle wote. Pombe kali ya mtama itazunguka meza kila mara. Inua kikombe cha chai na useme yi cha dai jiu, chai badala ya pombe. Hayo ni maneno yao wenyewe ya adabu, na hakuna mzee atakayeudhika.

Kuhusu kuoga, wanaosema usioge wanazungumzia hasa nywele. Nywele ni fa, na "kutajirika" ni fa kwa toni nyingine, hivyo kuosha nywele siku ya kwanza ni kuosha utajiri wako. Osha mkesha. Udhu wako hauna tatizo lolote, ila usimwage beseni la maji nje ya mlango siku ya kwanza na ya pili, maana maji yanayotoka ni mali inayotoka. Uliza ndoo ya maji machafu iko wapi. Na hapa kuna jambo ambalo orodha ulizosoma hazikulitaja kwa sababu hazikuandikwa kwa ajili ya binti Mwislamu: usivae mtandio mweupe. Kitambaa cheupe kichwani, vijijini China, ni alama ya msiba wa mzazi. Hata wa kuswalia uwe wa rangi. Ukiwa na mwekundu, ndio huo.

Usiku wa mkesha wenyeji watawakaribisha mababu. Shandong nyumba nyingi hutundika kitambaa au karatasi kubwa yenye majina ya ukoo, huwasha ubani, huweka chakula, na wanaume huenda njiani kuwaita wazee waje kula. Hayo ni mambo ya damu yao na hakuna atakayekutaka usujudu. Kaa chumba kingine au simama kimya nyuma, usipige picha, usipite mbele ya meza hiyo, usiguse chakula kilichowekwa juu yake. Asubuhi vijana watazunguka nyumba kwa nyumba, na mbele ya wazee wengine watapiga magoti hadi paji la uso liguse chini. Wewe simama, funika ngumi ya kushoto kwa kiganja cha kulia, inama kidogo na useme guonian hao, heri ya mwaka mpya. Kwa mgeni inatosha kabisa. Ukiona nyumba ambayo mlango wake hauna karatasi nyekundu, ujue ina msiba. Usiingie na kelele za sikukuu, na wala hawatatarajia uingie.

Hizo karatasi nyekundu zitakupendeza wewe mtu wa kanga. Ni mistari miwili ya shairi inayotazamana pande mbili za mlango, na ya tatu juu yake. Mlango unasema, kama kanga inavyosema. Asili yake ni vibao vya mti wa mpichi vilivyotundikwa kuzuia pepo. Fataki nazo ni za kale. Mwandishi Zong Lin, karne ya 6, alieleza jinsi watu wa bonde la Yangtze walivyochoma mianzi ilipuke alfajiri ya mwaka mpya ili kufukuza pepo wa milimani. Utasimuliwa pia habari za mnyama Nian anayeogopa rangi nyekundu, moto na kelele. Ifurahie, watoto wanaipenda. Ila ni hadithi iliyopata kuandikwa karne ya 20 tu, ilhali mianzi ya kulipuka imeitangulia kwa zaidi ya miaka elfu.

Zawadi ziende mbilimbili. Doti ya kanga ni pacha tayari. Chagua yenye wekundu mwingi, na jina lake ulitafsiri kabla hujaitoa, maana watauliza. Korosho na kahawa ya nyumbani ni nzuri. Matunda yawe tofaa, pingguo, kwa kuwa ping ni ya amani. Pea usibebe: li ni "pea" na ni "kutengana". Usibebe saa ya ukutani, kwa sababu "kumpa mtu saa" kunasikika sawa na kumsindikiza mtu kaburini, na hili ndilo kosa zito kuliko yote ya zawadi. Mwavuli, viatu na visu pia uviache. Usifunge kwa karatasi nyeupe, wala idadi isiwe nne, maana si ni "nne" na ni "kufa".

Bahasha nyekundu, hongbao, hutolewa na waliooa na wazee. Wewe hujaolewa na bado unasoma, kwa hiyo utapewa. Kataa mara moja au mbili, kisha pokea kwa mikono miwili na usiifungue mbele yao. Ukitaka kuwapa watoto wadogo wa nyumba, weka noti mpya za jumla ya shufwa isiyo na nne. Usitumie bahasha nyeupe hata kama ndiyo pekee iliyopo. Hiyo ni ya rambirambi.

Na sasa mshtuko wa mwenzako. Kila mwaka wa Kichina una mnyama wake, na 2027 ni wa yang, neno moja linalobeba kondoo na mbuzi. Wewe uliyezaliwa Mei 2003 ni wa yang pia. Mwaka wa mnyama wako, unaorudi kila baada ya miaka 12, huitwa benmingnian, na watu wetu wengi hudhani ni mwaka wa bahati. Kwao ni kinyume: ni mwaka wa hatari, umesimama mbele ya Taisui, mlinzi wa mwaka. Kinga yake ni rangi nyekundu iguse mwili: soksi, mshipi, nguo za ndani, na inafaa inunuliwe na mkubwa anayekupenda. Ndiyo sababu mama lazima aambiwe. Nina hakika atakununulia soksi nyekundu. Imani yako haikulazimishi kuamini kinga hiyo, na mimi siiamini, lakini soksi zile nilizopewa mimi nilizivaa mpaka zikatoboka, kwa sababu mtu alitembea sokoni kwenye baridi akinifikiria. Zivae.

Nywele unaweza kukata kabla ya mkesha. Mwezi mzima wa kwanza wengi hawakati, kwa msemo kwamba ukikata, mjomba wako hufa, na mjomba hapo ni kaka wa mama hasa, kama kwetu. Wanasimulia kwamba mwiko huo ulitokana na amri ya 1645, Wamanchu, watawala wapya waliotoka kaskazini-mashariki, walipowalazimisha Wachina kunyoa, na watu wakaacha kunyoa mwezi huo ili "kukumbuka ya kale", si jiu, maneno ambayo kwa sauti yanakaribiana sana na "mjomba hufa". Vinyozi hujaa siku ya pili ya mwezi wa pili.

Mengi uliyosoma mtandaoni yametoka Hong Kong, Singapore na Malaysia, ambako Wachina wengi asili yao ni wasemaji wa Kikantoni au Kihokkien, lugha za kusini mwa China, na sauti zao zina miiko yake: machungwa ya mawili mawili, viatu visivyonunuliwa kwa sababu jina lake linasikika kama mtu anayeguna. Shandong hawatayajua baadhi yake. Mwiko mmoja tu nakukataza kuufuata, wa kutomeza dawa siku ya kwanza. Kama una dawa ya hospitali, meza chumbani kwako kwa wakati wake.

Tiketi ya treni iwinde siku zinapofunguliwa, kwa kawaida siku 15 kabla ya safari, maana huisha kwa dakika. Na umpigie mama yake mwenzako kabla ya tarehe 30 Januari. Siku hiyo humuaga mungu wa jiko anayepanda mbinguni kusema habari za nyumba, na humpaka sukari ya kunata mdomoni ili aseme matamu. Baada ya hapo manunuzi huanza kwa kasi, nguruwe huchinjwa, mafuta huyeyushwa. Akijua mapema kwamba mgeni wake anakula qingzhen na atafunga siku ya tatu, atatenga sufuria yako kabla jiko halijapata moto.